Mkanda wa Kiptum

Laini ya Tatu, karibu na Chepseon
Jumapili, 14 Agosti 1994

Kwako dada yangu Syprose,

Pokea salamu zangu na za watoto, na umfikishie mama zake kabla hujakaa chini kusoma haya yote. Magoti yake yanaendeleaje na baridi ya mwezi huu? Huku mvua haitupi nafasi, chai inaota mpaka Jumapili nyingine tunachuma. Mwilini niko mzima. Rohoni niko kama mtu aliyefungiwa stoo, na ufunguo anao mwenyewe.

Najua habari imekufikia, maana Apiyo jirani yangu alikuja huko wiki hii, na mdomo wa Apiyo unaujua. Ni kweli bwana yangu Ogola ameonekana na alama za kuchapwa mabegani. Alikuwa kazini kwenye boila ya kiwanda, joto likamzidi, akavua shati bila kufikiri. Supavaisa wake, Nyaberi, akamgeuza akamwuliza ni nani amemfanyia hivyo. Ogola akashikwa na aibu, akasema kitu cha kwanza kilichomjia: kwamba watu asiowajua walimvizia kwenye njia ya mto akitoka sokoni.

Alidhani itaishia hapo. Lakini wewe unakumbuka vile tulikaa na mizigo tumefunga mwaka ule wa vita vya makabila. Kufika jioni laini yote hii ya nyumba za wafanyakazi ilikuwa imeshaamua ni kabila gani limempiga, na vijana wakaanza kutafuta rungu. Askari wa shamba wakapima alama, upana wa vidole viwili. Mikanda ya ngozi ya upana huo hapa anatengeneza mtu mmoja tu, Mzee Kiptum, fundi wa pale sokoni, naye ni wa kabila hilo hilo. Leo ni siku ya nne yuko ndani kwa kambi ya chifu, na Ogola anatakiwa kesho asubuhi akamtambue.

Jana mke wa Kiptum, Chelimo, alikuja kwangu na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando. Nilijua amekuja kunitukana. Alikaa kwenye stuli, akaulizia hali ya mgonjwa, ndipo akasema, "Mama, mwambie mzee wako amwangalie bwana yangu usoni vizuri. Hiyo tu." Nilikunywa maziwa yake, Syprose.

Sasa nikwambie, na usianguke. Mkono uliomchapa Ogola ni huu unaoandika.

Si ugomvi. Aliniomba mwenyewe, miaka minne iliyopita, tukiwa bado tunaishi Boito. Nilicheka, halafu nikakasirika nikidhani amerukwa na akili, halafu siku moja nikakubali na, Mungu anisamehe, nikapenda. Ni mambo ya watu wazima wawili na mlango wao. Tunangoja Jumamosi mchana laini ikiwa imeenda mpirani. Ni penye nyama tu, mabega na mapaja, kamwe si uti wa mgongo wala kwenye figo. Tukimaliza nampaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, tunakunywa chai yetu na anakuwa mpole wiki nzima. Na kuna neno. Akisema "Boito," naweka mkanda chini hapo hapo, bila kuuliza kwa nini.

Mkanda wenyewe nilinunua kwa Kiptum. Mimi nilikuwa nimependa mjeledi mwembamba, unang'aa, akanikataza. Akasema mwembamba unapasua ngozi kabla ng'ombe hajasikia, mpana una kelele nyingi na uchungu kidogo. Akakwangua kingo na kipande cha chupa, akaniambia nijipige paja langu kwanza kabla sijampiga yeyote, tena niupake mafuta kila wiki, la sivyo utakauka uwe mti. Kiptum anajua sina hata ndama. Hakuuliza. Na mimi mwezi huu mkanda ukavujiwa na paa, nikauanika juu ya jiko, nikasahau mafuta, nikasahau kujipima, ndiyo maana safari hii alama zilibaki. Kosa ni langu, si la ngozi.

Ogola anasema kesho atasema tu kwamba si Kiptum. Lakini Nyaberi ameshatangaza kwamba akikana ni kwa sababu ametishwa, na vijana watamtafuta mzee mwingine. Nikamwambia basi nitaenda kambini mimi, na mkanda ndani ya kikapu. Dada, alilia. Akasema wanaume wa boila watamwita mke wa mke wake, kanisani tutafukuzwa, watoto watachekwa shuleni. Yote ni kweli. Nikinyamaza, mtu anafungwa na laini inaweza kuwaka. Nikisema, namvua Ogola nguo mbele ya dunia.

Mwishowe akapiga magoti, akanishika mikono yote miwili, akasema polepole, "Boito."

Nimekaa na hilo neno tangu tutoke kanisani. Kwa miaka minne nimelisikia mara tatu, na mara tatu niliacha. Kesho saa mbili asubuhi nitalipita, niende kambini.

Usimsomee mama barua hii. Mwambie tu Adongo anamsalimu, na atutengee ile nyumba ya nyuma, huenda tukaja na mizigo. Wasalimie shemeji na watoto, na usinichukie. Mkanda nimeshaupaka mafuta vizuri. Sitaki Kiptum auone umekauka.

Ni mimi mdogo wako,
Adongo