Kibandiko kwenye Paji la Kijino

Chumba cha uani, nyuma ya duka
Jumamosi, asubuhi

Mpendwa Shangazi,

Kabla sijakuamkia, ngoja nikwambie alichofanya mjukuu wako Kijino sasa hivi. Amekaa sakafuni na kopo la maziwa ya unga katikati ya miguu, akalikwaruza kitakoni kwa kucha mpaka kibandiko cha tarehe kikabanduka. Kisha akakibandika kwenye paji lake la uso na kunitazama kama askari aliyepandishwa cheo. Nikacheka. Halafu nikaligeuza kopo, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Shikamoo Shangazi. U hali gani? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama na mashuka ya hospitali? Na ile mashine ya kufulia waliyowaahidi imefika, au bado ni ahadi tu? Sisi huku hatujambo, isipokuwa tumbo la Kijino, nitakueleza. Baba yake bado yuko mbali anachomelea mapaa ya maghala. Mama mkwe mzima, yuko mbele dukani, namsikia akibishana na mteja juu ya sabuni.

Shangazi, chini ya kile kibandiko kuna tarehe nyingine, imepigwa kwenye bati lenyewe. Kibandiko kinasema maziwa ni mazuri mpaka mwakani. Bati linasema yalikwisha muda kabla Kijino hajaanza kutambaa, na sasa Kijino anakimbia.

Utajiuliza tangu lini mimi nasoma vitako vya makopo. Shule yangu unajua ilikomea wapi. Zamani nilichagua kwa picha: kopo lenye mtoto mnene zaidi ndilo nililiona bora. Lakini kuna dada mmoja wa chuo kikuu amekuja mtaani kwetu, anatafiti namna watu wanavyonunua vitu, na kama wakifundishwa wanabadilika au wanarudi kule kule. Tumempa jina Dada Kwa Nini. Ukimwambia umenunua sabuni hii, atauliza kwa nini. Ukijibu ni nafuu, atauliza kwa nini umeiona nafuu. Mwisho hata wewe hujui kwa nini unaoga.

Masomo yake yanaitwa elimu ya mlaji. Mlaji kumbe ni yeyote anayenunua, hata aliyenunua ufagio. Alitufundisha kugeuza kopo na kutafuta tarehe, kulinganisha bei kwa uzito badala ya ukubwa wa pakiti, na kwamba ukiuziwa kibovu una haki ya kukirudisha bila kuona haya. Kila somo nilitoka kama mtu aliyesafishwa tongotongo.

Kasheshe ni hii. Alitugawa mafungu mawili. Tulitumbukiza mkono kapuni: mwenye karatasi nyeupe afundishwe, mwenye ya njano angoje mpaka utafiti uishe, ndipo naye afundishwe. Anasema asipofanya hivyo hatajua kama ni somo lililotubadilisha au ni bei tu zilizopanda. Akatusihi tuliofundishwa tusiwaambie wanaongoja, tutamharibia kazi ya miaka. Nikakubali kwa moyo wote. Na mama mkwe wangu, ambaye nalala kwake na kula chunguni mwake, alitumbukiza mkono akatoa ya njano.

Basi nimekaa humu ndani kama mtu aliyetia maji kinywani. Nikirudi somoni ananichokoza: “Haya, msomi wa makopo, leo mmehesabu punje za sukari?”

“Tumekatazwa kusema, mama.”

“Lo! Siri ya serikali! Mimi nimeuza duka wewe hujaota hata jino, leo nifichwe habari za kopo?”

Husema akicheka, nami nacheka. Leo nikikumbuka naona aibu.

Maziwa ya dukani mama huletewa na bwana mmoja wa pikipiki, wateja wanamwita Bwana Nafuu. Bei yake iko chini ya maduka ya jumla, naye anajua kuongea: atamwamkia mama, atamuuliza hali ya goti, atambebea katoni mpaka chumbani. Ndiyo maana katoni ziko humu, chini ya kitanda ninachokalia nikikuandikia. Nimeinama nikafungua moja. Nimebandua kibandiko cha kopo la kwanza, la pili, la tatu. Hadithi ni ile ile.

Sasa tumbo la Kijino. Wiki nzima limemwendesha. Kila mtu kasema ni meno, mtoto akiota meno lazima aharishe, nami nikatulia. Kumbe asubuhi na jioni namkorogea haya haya, tena nampuliza yapoe, namwambia kunywa mama, unenepe. Nimemgusa sasa hivi, hana joto, na anacheka na cheo chake usoni.

Na leo ndiyo siku yangu. Kabla ya adhuhuri Dada Kwa Nini atakuja aandamane nami ninaponunua, pale pale ninaponunua siku zote. Yaani kwa mama mkwe, yeye nyuma ya kaunta, wateja wamejaa. Nikigeuza kopo, nimemvua nguo mbele ya watu. Nisipogeuza, nimechukua uchafu kwa macho yangu, na dada wa watu ataandika kwamba kutufundisha sisi ni kutwanga maji kinuni. Nikimwambia mama mapema, nimevunja ahadi.

Lakini linaloniumiza zaidi, Shangazi, ni jingine. Je, kama mama anajua? Nitaishije na mtu anayejua? Baba Kijino nitamwambia nini, achague kati ya mama na mkewe?

Nimelifikiria hilo hapa huku nikitafuna kalamu, na nimeona kitu. Mama huyu Kijino akilia ndiye anayekimbilia kumkorogea kabla yangu. Na chai yake mwenyewe hainywi bila vijiko vya maziwa yale yale. Mtu hamnyweshi mjukuu wake kitu anachokijua kibovu. Hajui, Shangazi! Naye ni mlaji kama mimi, kauziwa.

Kwa hiyo nimeamua. Kabla mgeni hajafika nitamwita mama huku chumbani, mlango tumefunga, nimwonyeshe bati. Na dada akija nitamwambia ukweli kwamba karatasi ya njano ya mama nimeichafua, anifute akitaka. Atauliza kwa nini, na safari hii jibu ninalo: kuna watoto. Halafu nampeleka Kijino zahanati. Ila neno la kuanzia ndilo sina. Wewe ulinileta katika nyumba hii, ukanifundisha kuamkia wakwe na kutopita mbele yao wakila. Hili hukunifundisha. Najua jibu lako litakuja jambo limeshapita, basi niombee tu ulimi laini.

Salamu nazitanguliza hapa hapa kabla sijaitwa, maana barua zangu nyingi hufia njiani kabla sijazimaliza. Nisalimie mumeo, mwambie redio aliyonitengenezea bado inaimba. Msalimie binamu wa saluni, na yule jirani yako wa vicheko. Mungu akuzidishie nguvu mgongoni na watu wema mlangoni. Ni mimi mwanao, ninayekupenda leo kuliko jana.

Bado nina nafasi kidogo, ngoja

Shangazi, Kijino hayupo. Amepenya pazia la dukani na kibandiko chake usoni. Namsikia bibi yake anacheka: “Afande! Cheo hicho kakupa nani?”

Sasa anasema: “Mbona hiki ni cha makopo yangu?” Nasikia kopo linatolewa rafuni, linagongwa kauntani. Na jingine.

“Mama Kijino!”

Hakuna hasira katika sauti, Shangazi, nasikiliza sana na siisikii.

“Mama Kijino, acha unachofanya. Miwani yangu haifiki huku chini ya kopo. Njoo unisomee.”

Naenda, kopo ninalo mkononi, nitaanza kwa kumwambia kwamba