Flashi Yako Nimeisasisha

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na hamu ya kula unayo. Sisi hatujambo. Goti la mama bado linamsumbua, ila ulimi wake hauna homa hata kidogo. Anakuombea usiku na mchana kwa ajili ya Ijumaa, utakapowakabidhi maprofesa tasnifu yako ya miaka mitatu.

Flashi yako nyekundu niliipokea salama. Hukukosea kuniletea mimi, maana hapa dukani tunapotoa fotokopi intaneti inakimbia. Makubwa haya! Mfumo mzima wa kompyuta, hiyo Linux yako, na kazi zako zote ndani ya kidude kisichofika urefu wa kidole, unakichomeka kwenye kompyuta yoyote inawaka. Bosi akanitania eti nimekuwa injinia.

Karatasi yako ya maagizo ya kusasisha mfumo niliifuata neno kwa neno, kwa kuwa uliandika kwamba nisipoelewa nisiguse. Kwanza nilinakili kila kitu kwenye flashi nyeupe. Nikachomeka chaja, umeme wa betri usije ukaniishia katikati. Halafu, kama ulivyoagiza, nikafungua faili moja kwenye nakala kuhakikisha imeshika.

Lilifunguka vizuri tu. Ilikuwa barua yako kwa mchumba wako. Ulimweleza kwamba yule mwanamke aliyepokea simu yake nyumbani si ndugu yako, ni mfanyakazi wa ndani, ana kichwa kizito, asimtilie maanani.

Niliisoma mara mbili. Mimi niliyeacha shule ili wewe uendelee! Iliniuma, sikufichi. Nilikwenda uani nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye kompyuta.

Nilifuta flashi zote mbili. Nyekundu nikaipakia mfumo mpya kabisa, na sikuichomoa mpaka iliponiambia tayari. Inawaka haraka, utafurahi. Tasnifu haimo. Nyeupe nayo usihangaike kuitafuta, nimeijaza picha za harusi ya mteja hadi ikakataa kupokea nyingine.

Lakini sikukuacha mikono mitupu. Faili moja nimekurudishia, ile barua, niliyoiweka kando kwenye kompyuta kabla ya kufuta. Nimeichapa pia nikampelekea mchumba wako, pamoja na picha yetu ya zamani, wewe umelala mgongoni kwangu na sare yangu ya shule imelowa mate yako.

Mama anakusalimu sana. Sijamwambia kitu, bado anakuombea Ijumaa yako. Vaa lile shati jeupe, nimelipiga pasi, limo humu pamoja na flashi.

Ni mimi,
Mfanyakazi wenu wa ndani