Skola Ndani ya Televisheni, na Vile Viatu Vyeupe

Majimoto, Jumapili jioni, Februari 1998. Mvua imekatika mchana, majaruba ya mpunga yamejaa maji, vyura wameshaanza kelele zao. Nina furaha, ila furaha yenyewe ina kijiwe ndani, kama wali wa mchele usiochambuliwa vizuri.

Leo mwanangu ameonekana kwenye televisheni.

Naandika tena taratibu ili mkono uzoee: Skolastika wangu, niliyemzaa mwenyewe hapa hapa Majimoto, ameonekana kwenye televisheni.

Si ile ya kutoka Dar es Salaam, hiyo huku haifiki. Ni kanda ya video ya kwaya yetu ya vijana, waliyokwenda kurekodi Tabora. Mwenyekiti wa kwaya ameileta juzi kutoka Mpanda, na leo baada ya misa wakawasha jenereta pale ukumbini, wakafunga deki ya video na televisheni. Watu walijaa mpaka madirishani. Mimi nilikaa mbele kabisa, nani angenizuia? Wimbo kautunga Skola, na anayeongoza ni Skola. Nilishatangaza sokoni kote, hata kwa watu waliokuja kununua mchele tu na kuondoka.

Nianze na sauti. Ilipotoka kwenye spika nilijikuta nimeshika kichwa. Imenyooka, imepanda mpaka juu bila kukwaruza. Nimeimba kwaya tangu usichana wangu, kwa hiyo najua ninachosema. Na kinanda walichomwekea huko Tabora kimekaa mahali pake. Kwenye sauti sina neno.

Maneno yapo kwenye picha.

Wamepigwa picha mbele ya gari jeupe. Gari si la kwaya, si la parokia, halijulikani la nani. Wimbo ni wa kushukuru mavuno, lakini mpunga sikuuona hata punje. Niliona maua ya bustani ya watu, halafu gari, halafu maua, halafu gari tena. Mwanangu nilimwona mara chache kuliko hilo gari. Watu nyuma yangu badala ya kusikiliza wanaulizana, "Kwani kwaya imenunua?"

Na vile vitenge tulivyowashonea sisi akina mama havipo. Wamevalishwa nguo nyeupe za kukodi na viatu vyeupe. Wamependeza, siwezi kudanganya, Skola alikuwa kama bibi harusi.

Lakini hakucheza.

Hapo ndipo paliponiuma. Huyu mtoto akiimba wimbo huu kanisani, miguu inaanza kabla ya mdomo. Ile hatua ya kukanyaga kama anayevuruga matope ya kupandia, niliyomfundisha mimi, kila mtu anaijua. Kwenye kanda amesimama tu, mikono inapungapunga, uso umekaza.

Mama Kalisti, jirani yangu ambaye mwanawe anaimba besi, hakuniacha.

"Mama Skola, binti yako mbona amesimama kama anapigwa picha ya kitambulisho?"

Watu wakacheka. Nikamgeukia. "Dada, hiyo ndiyo staili ya mjini sasa hivi. Waimbaji wakubwa hawarukiruki."

Nilisema kwa sauti kubwa ili waamini. Mimi mwenyewe sikuamini.

Skola alikuwa amekaa karibu na mlango. Tangu warudi Tabora amekuwa mkimya, na wiki hii alimwambia mwenyekiti atafute mwingine wa kuongoza, yeye anarudi mstari wa nyuma. Mimi aliniambia amechoka tu. Nilitegemea watu wakiishangilia kanda, moyo utamrudia. Sasa wamemcheka, na kabla wimbo haujaisha alikuwa ameshatoka.

Nilimkuta nyumbani, jikoni, anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Mama, umeionaje? Usinijibu kama ulivyomjibu Mama Kalisti."

Nilitaka kusifia. Kusifia ndiyo kazi yangu, nyumba nzima inajua. Lakini alivyouliza vile nikashindwa. Nikamwambia sauti imenitoa machozi, ila nilimtafuta yule Skola wa miguu na sikumpata.

Akacheka kicheko chenye machozi.

"Mama, vile viatu havikuniingia."

Kumbe. Viatu vya kukodi vilikuwa vidogo. Wenzake vikawaingia kwa shida, yeye vikagoma kabisa. Mpiga picha akamwambia avikanyage nyuma avivae hivyo hivyo, asisogee tu, miguu haitaonekana. Wasichana wa pale waliokuja kutazama wakacheka, wakasema hiyo miguu ni ya jembe. Kwa hiyo mwanangu alimaliza wimbo mzima amesimama juu ya viatu vilivyokunjika, anaogopa kuanguka.

Siku zote hizi alikuwa anaona aibu ya miguu.

Nikavua ndala, nikauweka mguu wangu karibu na wake. Ni ule ule. Mpana mbele, vidole vimeachana, kila kimoja na upande wake. Huu mguu unasimama kwenye matope ya jaruba bila kuteleza, na ndio uliomlea. Nikamwambia, hao wenye miguu ya kuingia kwenye viatu waliimba nini? Mbona kanda ni yako?

Hakusema kama atarudi mbele. Aliniuliza tu, wimbo unaofuata wakija kuupigia picha huku kwetu shambani, mpiga picha atakubali waimbe peku?

Nikamwambia atakayevua viatu wa kwanza ni yeye mpiga picha.

Sasa anaosha vyombo. Namsikia anaimba, na masufuria yanagongana, maana yake miguu nayo inafanya kazi.

Kesho asubuhi naanzia kwa Mama Kalisti. Skola ameniruhusu niseme, anajua nitasema tu. Nitamweleza kwamba ile staili ya mjini niliitunga mimi, na kwamba mwanangu ameimba vile akiwa amebanwa, sasa apige hesabu atakavyoimba akiwa peku. Asipoamini kuwa kuna miguu isiyoingia kwenye viatu vya kukodi, nitavua ndala nimwonyeshe ya kwangu.