Dumu Tupu

Kiseke, Mwanza

Mdogo wangu Ng'washi,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla bahasha haijafunguliwa, maana wewe mama alikufunza ukafunzika. Mgongo umepoa? Na yule ng'ombe mwekundu aliyemkataa ndama wake, amemkubali? Anayekusomea asiruke neno. Huku anayeniandikia ni Jovina, Mhaya, mpangaji wa nyumba ya pili, na nimemkataza kunipambia maneno. Simu sitaki. Humu ndani nikiongea kwa simu wote wanasikia.

Mimi ni mzima, ila nimefungiwa. Tangu Masalu anilete kwake tulipomaliza msiba wa baba yake, sijakosa kitu. Nyumba ina vigae mpaka chooni, ina ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Napikiwa, nafuliwa, nikishika ufagio mkwe wangu Getruda ananinyang'anya. Mimi niliyelima pamba mpaka mikono ikawa magome, nakaa kwenye kochi kama mgeni aliyesahau kuaga. Miguu ikavimba, presha ikapanda. Nilianza kumwomba Mungu anichukue, na sikuwa natania.

Alfajiri moja nikakuta geti wazi, nikatoka. Nilifuata njia ya mbuzi, nikashuka upande wa Pasiansi mpaka pale ambapo mawe yamewashinda wajenzi. Kichaka hicho, Ng'washi! Mikuyu imekumbatia miamba, pimbi wanaota jua, tumbili wananizomea, na kenge akapita mbele yangu polepole kama mwenye shamba. Nyuma ya mafunjo, ziwa limetulia. Nililia pale, halafu nikala kuyu, nikacheka peke yangu. Tangu hapo nikawa naenda kila kukipambazuka, na dumu langu la njano mkononi. Uvimbe ukaisha. Getruda mwenyewe akasema mama amenawiri.

Sasa kuna jirani anaitwa Rose. Mtoto wake aliugua homa, na wiki hiyo hiyo Rose akaniona natoka kichakani, kanga imelowa, nywele wazi. Akawaambia wenzake bombani kwamba bibi wa kwa Masalu anakwenda ziwani na dumu na anarudi nalo tupu, na mtu wa heri hurudi na maji. Mwingine akaongeza kwamba macho yangu ni mekundu. Ni mekundu kweli, kwa moshi wa mavi ya ng'ombe niliyopikia maisha yangu yote, na mama zao wana macho hayo hayo. Lakini anayetaka kuogopa hakosi sababu.

Masalu hakunigombeza. Alirudi kutoka kazini na kufuli jipya, akapiga magoti mbele yangu, akasema, "Mama, unajua walivyomfanya mama yake Nkwabi. Unataka nikuokote vipande?"

Nikamwinua. Wewe na mimi ndio tuliomwosha yule mama. Kosa lake lilikuwa uzee, wao wakauita uchawi.

Basi ufunguo unakaa kwenye pindo la kanga ya Getruda, na mimi nakaa ndani. Miguu imeanza tena kuvimba. Asubuhi nawasikia ndege wa ziwani wakipita juu ya ukuta, nawatukana kwa wivu.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Dumu lilirudi tupu kwa sababu nilikuwa nalikumbatia. Nalikaza kizibo, nalilaza kifuani, nasukuma miguu. Ng'washi, naogelea. Wewe na mimi tulilinda nguo za kaka zetu juu ya mawe, wao wakicheza majini, tukaambiwa msichana haogelei. Mimi naogelea. Mle ndani sina goti, sina presha, si mjane wa mtu. Jovina ameacha kuandika, ananikodolea macho. Andika, mwanangu.

Ningemwambiaje Masalu? Mimi huingia kama nilivyozaliwa, na mwana kuujua uchi wa mama yake ni laana. Nikaona bora anyamaze na hofu yake, nami ninyamaze na aibu yangu. Lakini maneno ya bombani hayafungwi kwa kufuli. Na siku wakija na mapanga, ukuta huu huu ndio utakaonizuia kukimbia.

Nimekata shauri. Nimeshonesha gauni zito la mikono mirefu. Getruda anadhani ni la kanisani. Jumapili moja nitamwomba Masalu afungue, tumpitie Rose na mtoto wake, ambaye amepona, twende wote mchana kweupe, niingie majini mbele yao na dumu langu. Labda watacheka. Labda watasema kikongwe anayeelea ndiye mchawi hasa. Sijui, na naogopa.

Ndiyo maana sitamwambia mpaka ufike. Vuka maji pale Kigongo, uje. Watasema mchawi ameita mwenzake, waache waseme. Nataka nikigeuka nyuma pale majini nimwone mtu wangu juu ya mwamba, amenishikia kanga.

Wasalimie wajukuu mmoja mmoja, hata yule mwizi wa sukari. Kalamu sijui, dole gumba langu hili hapa chini unalijua.

Dada yako,
Kabula