Usingizi Wako wa Mchana

Majengo, Dodoma

Mdogo wangu Salimu,

Assalaam aleikum. Kabla hujaendelea kusoma, mfikishie mama shikamoo yangu. Goti lake limetulia? Na mbuzi, wamepona kikohozi? Mkiniuliza hali yangu huwa najibu "salama tu", lakini leo sitasema hivyo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungeanza kucheka, nami nishindwe kumaliza.

Nakuonea wivu. Kila nikipiga simu mchana anapokea mkeo: "Shemeji, amelala." Mavuno yakishaingia ndani, ninyi huko Chemba mnapumzika, na wewe unapumzika bila aibu. Mimi nafungua duka hili la nafaka alfajiri, nafunga giza likiingia, nakula nimesimama. Watu wananiita mchapakazi na mama anajivunia. Sifa nazipata mimi, usingizi unaupata wewe.

Tangu Ramadhani iishe sijielewi. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Chakula hakina ladha. Mteja akirudia kuuliza bei namfokea, mimi niliyekuwa natania kila mtu. Juzi nilimimina mtama mwekundu kwenye gunia la mteja lenye mtama mweupe, huku macho yangu yanatazama. Chekecheo halisaidii hapo, punje zinalingana ukubwa. Ni kuchambua kwa mkono tu. Mama Pili, anayetupepetea nafaka, akavuta ungo wake na kuniangalia.

"Baba Zuhura, hii siyo bahati mbaya. Wewe umechoka mpaka umekwisha."

Nilimkasirikia. Kisha nikaenda zahanati nikidhani ni malaria. Muuguzi akapima, hakuna kitu. Akaniuliza mara ya mwisho nilipumzika lini, nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Akasema uchovu huu umejilimbikiza, kulala usiku mmoja hakuumalizi. Nile nimekaa, nizime simu jioni, nipate siku isiyo na kazi, na nisikae na mambo moyoni peke yangu.

Nimejaribu. Siku ya Ijumaa nikitoka msikitini sifungui tena duka. Nakaa na kahawa yangu, lakini nikimwona jirani anawapimia wateja wangu, roho inaniuma kwelikweli. Hata hivyo usingizi umeanza kurudi kidogo, na kufoka kumepungua.

Msalimie shemeji, mwambie simlaumu kwa kukulinda usiamshwe. Msalimie na mjomba wetu mwadhini, aniombee dua.

Nimebakiza ombi moja. Njoo unishikie duka mpaka nipate nguvu, nami nije nilale huko nyumbani, mama aniite nile uji. Najua wateja watakupenda, maana wewe hukasiriki. Nikirudi watauliza yule mdogo wangu mcheshi yuko wapi. Hilo linaniuma tangu sasa.

Njoo hivyo hivyo.

Ni mimi kaka yako,
Idi