Uzi Mwekundu, Uzi Mweusi na Kofia ya Idi

Shangazi yangu Mwanaidi,

Salamu zangu zikufikie huko ulikotangulia. Sisi huku wazima, na mvua za kwanza zimeshanyesha. Nakuandikia kwa herufi zile zile za chuo cha Kurani ulizonilazimisha nizijue, kwa hiyo mwandiko ukiwa mbaya, mwenye lawama ni wewe.

Nina habari moja kubwa na sitaizunguka. Kofia ya Idi imekwisha. Mwanao Idi ameoa nayo kichwani Ijumaa iliyopita, hapa hapa Shinyanga, na mimi nilikuwepo nimesimama kwa miguu yangu. Sikulala chumba cha ndani na kitambaa kichwani, kama tulivyokuwa tukilala mimi na wewe kila penye shughuli, watu wakila pilau lao bila sisi.

Unakumbuka ulivyoiacha. Duara la juu ulikuwa umelimaliza, vitobo vyote vimezungushiwa uzi, hakuna hata kimoja kilichopinda. Ukanda wa pembeni haukufika robo. Homa ya kifua ilikuchukua kwa siku tano tu, na sindano tuliikuta imechomekwa pale ulipoishia. Siku ya arobaini yako, mbele ya ukoo mzima, mdomo wangu ukaniponza: nitaimaliza mimi, na Idi ataoa nayo. Nani alinituma? Wenzangu walitazamana. Walijua kwamba uliniachia vitu viwili, sindano na kipandauso, na kwamba cha pili kilikuwa kinakishinda cha kwanza.

Shangazi, nilikuwa nakuonea huruma na kukuogopa kwa pamoja. Ulikuwa unashona, mara unaweka kitambaa chini na kusema kwa sauti ndogo, "Zuhura, taa zimewashwa." Nikajua umeanza kuona vile vimeremeta pembeni mwa jicho, na kwamba haitapita saa moja nusu ya kichwa chako itaanza kupigwa nyundo. Nilifunga madirisha, nikaleta bakuli la maji baridi na lingine la kutapikia. Umechanjwa chale kwenye panja, umeumikwa kwa pembe, umefukizwa, umeandikiwa kombe ukanywa. Kesho yake ulikuwa unaamka umepauka, unaomba uji, kisha unaomba sindano. Mimi nilipoona taa zangu za kwanza nilikuwa na miaka kumi na minne, ukanikumbatia ukalia. Sikuelewa wakati ule ulikuwa unalia nini.

Baada ya arobaini mume wangu Hamisi alipata kazi ya useremala mgodini, tukahamia Geita. Ni mahali pa vumbi na kelele. Mashine za kusaga mawe hazinyamazi, na kichwa changu hakikupenda hata kidogo. Mwezi wa kwanza tu nililala mara nne. Hamisi akanishika mkono akanipeleka kwa daktari wa mgodi.

Yule daktari Mzungu ana Kiswahili cha kuombea maji, lakini ana dresa wake wa kumsaidia kutibu na kumfasiria, Msukuma mmoja mrefu aitwaye Bwana Masanja, ambaye huuliza maswali kama karani wa korti. Kichwa kinauma upande gani? Unaona nini kabla hakijauma? Nani mwingine nyumbani anaugua hivyo? Nikakutaja wewe. Shangazi, wana jina la ugonjwa wetu, na wana dawa yake. Ni vidonge vidogo, ukivitazama utavidharau. Masanja alinihesabia, akavifunga kwenye karatasi, akaniambia masharti yake nikayarudia kwa mdomo wangu mwenyewe: umeze mara unapoona taa, usingoje maumivu yapande, visizidi viwili kwa siku moja, siku za kumeza zisizidi mbili katika wiki, usimpe mtu, usipokee kwa mtu, ukipata mimba, usiguse.

Mara ya kwanza nilimeza nikajilaza, nikaanza kuyasubiri maumivu. Yalikuja kidogo, yakasimama mlangoni, yakaondoka. Nikalia kwa sababu yako. Ningekupa nusu ya vile vidonge, na nusu nyingine, na karatasi yake.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Idi alileta habari kwamba wakwe wameshapanga siku ya nikahi, na ukanda ulikuwa bado. Nikajifanya mjanja. Nikasema, kama kidonge kimoja kinaondoa maumivu yaliyokwisha kufika, basi kimoja kila asubuhi kitayazuia yasifike kabisa. Vyangu vilipokaribia kwisha, jirani yangu Mama Kulwa, Msukuma wa kutoka Segese, akafungua pindo la kanga akanipa vyake. Naye alikuwa ameandikiwa kwa ajili ya kichwa, lakini vilimtia kichefuchefu akavichukia. Unajua tulivyo. Katika safu yetu ya nyumba za mgodi dawa huazimwa kama chumvi na moto, na anayenyima anasemwa mpaka kisimani. Sharti la Masanja nililikumbuka vizuri sana. Nikasema moyoni, yule ni mtu wa hospitali, hajui kuishi na majirani.

Zikapita wiki. Kichwa kikaanza kuuma kila siku niamkapo, si kwa nyundo, bali uzito tu, mpaka nimeze. Nikadhani ugonjwa unakua, nikaongeza. Kisha vidole vikaanza kufa ganzi. Saa sita mchana, jua la Geita linaunguza bati, na mimi vidole vyangu ni vya baridi na vyeupe kwenye ncha. Sikumwambia Hamisi. Nilikuwa napuliza mikono, nashona.

Siku moja nikaona doa jekundu kwenye ukanda. Nikatafuta limetoka wapi. Sindano ilikuwa imenizama kidole cha shahada, Shangazi, imezama kabisa, na mimi sikusikia kitu. Niliiona damu, maumivu sikuyaona. Nikakaa natazama kile kidole kana kwamba ni cha mtu mwingine. Hofu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata, hata siku uliyokata roho, kwa maana siku ile mikono yangu niliisikia, ilikuwa imeshika yako.

Masanja alinibonyeza kucha, akaitazama rangi yake, akauliza nameza vingapi. Nikamdanganya. Akanibonyeza kucha tena, nami nikasema kweli yote, na vya Mama Kulwa pia. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali angenifokea.

"Dawa hii inabana mishipa ya damu, mama. Ndivyo inavyotuliza kichwa," akasema. "Ukiizidisha, inabana na ya vidole. Ungeendelea mwezi mwingine, usingekuwa unazungumza nami habari za kofia. Tungekuwa tunazungumza habari za kukata."

Akaniambia pia kwamba yale maumivu ya kila asubuhi yaliletwa na vile vidonge vyenyewe, kwa wingi wake. Daktari akanilaza wodini, vidonge vikakatwa vyote, mikono ikafunikwa blanketi. Walinionya kwamba kichwa kitalipiza, na kililipiza. Sitakueleza siku zile tisa. Nililiita jina lako mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza Mwanaidi ni nani na kwa nini haji. Siku ya kumi niliamka kichwa chepesi, vidole vinawaka kama vimepakwa pilipili. Masanja akafurahi kuliko mimi. Akasema damu inarudi nyumbani.

Niliporuhusiwa kutoka, nilimpelekea Idi salamu kwamba sitaweza kuwahi, aoe na kofia nyingine. Nilitegemea jibu la mdomo tu. Akapanda lori, akaja mwenyewe, amefunikwa vumbi mpaka kope. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Dada, mama hakuwahi kuniambia nivae kofia ya haraka," akasema. "Nimewaambia wakwe tungoje mavuno yapite. Wamekubali. Wewe shona unavyoweza."

Umemlea vizuri, Shangazi. Hilo nilikuwa silisemi ulipokuwa hai kwa sababu alikuwa akiiba sukari yangu.

Sasa nikwambie kitu kitakachokufurahisha. Masanja alitaka nikumbuke kila siku ya maumivu na kila kidonge, nikirudi nimweleze. Mimi na kukumbuka! Nikatoa kile kitambaa cha mazoezi ulichonifundishia, bado kina vitobo vyangu vya kwanza, vilivyopinda hata ukasema panya wameshona. Kila jioni niliweka mshono mmoja pembeni yake. Siku njema uzi wa kijani, siku ya kichwa uzi mwekundu, na kila kidonge uzi mweusi kando yake. Baada ya miezi miwili nikakikunjua mbele ya daktari. Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akavuta kiti, akaanza kukisoma kwa kidole, Masanja akifasiri. Nyekundu zilikuwa zimekaa makundi. Zilikuja siku zile nilizoruka chakula ili nishone, na siku nilizoshonea uani, jua likipiga kitambaa cheupe na kunirudia machoni, na zinapokaribia siku zangu za mwezi. Nilikuwa nayaandika majibu bila kuyajua.

Basi nikabadilisha. Nanywa uji kabla ya kushika sindano. Nashonea kivulini, mgongo kwa uwanja. Kichwa kikinigusa tu bila taa, nanywa maji na kulala. Taa zikiwaka ndipo nameza, mara moja, sisubiri kujikaza. Miezi iliyofuata kijani ikaenea, nyekundu ikawa moja moja, na nyeusi haijawahi kuzidi sharti. Masanja huwaonyesha wagonjwa wengine kitambaa chako. Ndiyo, chako, kile cha panya.

Lakini ushindi wenyewe haukuwa huo. Ulikuwa siku Mama Kulwa alipoingia kwangu ameshika kichwa, mimba ya miezi minne, akaniomba kidonge kimoja tu. Huyu ndiye aliyenipa vyake kwa moyo mweupe. Vyangu vilikuwa ndani ya sanduku la nyuzi, mkono ungevifikia. Nikamwambia sitoi. Nikamwambia sababu, nikamwambia twende wote kwa Masanja sasa hivi, nitambebea mwanawe mdogo mgongoni. Hakutaka kusikia.

"Vitunze, Mama," akasema. "Uzikwe navyo."

Wiki tatu alipita mlangoni pangu bila kusema mwangaluka. Kwa Msukuma, kukunyima hata salamu ya asubuhi ni jambo zito, na kisimani nilisemwa mpaka nikabadilisha saa za kuteka maji. Niliumia. Mara mbili nilifungua lile sanduku nikataka nimpelekee, yaishe. Mara mbili nikalifunga. Kisha akaenda hospitali kupimwa mimba, na Masanja, bila kujua ugomvi wetu, akamwambia wazi kwamba dawa ile ingeweza kubana tumbo la uzazi na kumtoa mtoto. Jioni ile akaja na ungo wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Akakaa mkekani, akala michembe yake mwenyewe karibu nusu ungo. Mwisho akasema, "Mwangaluka," ingawa jua lilikuwa linazama. Tukacheka mpaka Hamisi akatoka kutazama. Amejifungua mtoto wa kike, mnene, mwenye kelele kushinda mashine za mgodi.

Na Ijumaa, Shangazi. Nimeamka kwenye chumba chako, naosha uso, taa zikawaka. Siku ya nikahi! Zamani ningeficha mpaka nianguke, au ningemeza vitatu kwa hofu. Nilimeza kimoja. Nikawaambia wanawake jikoni kwamba naingia ndani kidogo na wasiniite. Walizoea, walitazamana kwa ile huruma yao ya kunizika. Nikalala, dirisha limefungwa, kitambaa cha maji usoni. Kabla ya swala ya Ijumaa nilikuwa nimetoka, nimevaa, nimeshika sinia. Ungeziona nyuso zao! Nilijivuna, sifichi.

Idi alipoivaa, wazee waliishika wakatafuta mahali mkono wako ulipoishia na wangu ulipoanzia. Hawakupaona. Doa la damu nalo halikutoka lote, nililiosha kwa mate na ndimu likabaki kivuli, basi nikashona ua dogo juu yake. Liko nyuma ya sikio la kushoto. Idi tu ndiye anayejua, na wewe.

Nakuaga sasa, maana lori la Geita haliningoji. Nakuahidi haya, na unajua kwamba ahadi nikishazitamka hunifuata. Sitazidisha. Sitagawa, hata nikisemwa kisimani mpaka uzeeni. Na sitaiacha sindano kwa ajili ya kichwa, wala kichwa kwa ajili ya sindano. Kila mwaka nitakuja nacho kitambaa cha panya, nikikunjue hapa kaburini uhesabu kijani. Mungu akulaze pema, akupe huko kivuli kisicho na taa.

Nilisahau kukuambia la Alhamisi, siku moja kabla ya nikahi. Nilikuwa nashona kishikizo cha gauni la bibi harusi, sindano ikaniteleza ikanichoma kidole kile kile cha shahada. Iliniuma sana, Shangazi. Nilipiga kelele nyumba nzima ikasikia, kisha nikasimama pale nacheka, nakinyonya kidole changu.

Mwanao,
Zuhura