Nyanya za Zoezi la Saba

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Ziwa halikuonekana asubuhi. Ukungu tu, mweupe, mpaka karibu na barabara. Nimeshuka kwenye pikipiki pale Nengo ili nitembee kidogo, na ilikuwa kama kwenda kazini ndani ya maziwa. Nikamaliza fumbo moja la rozari bila kukutana na mutu.

Mwalimu Kalisa ameniletea karatasi za programu mupya ya uchumi, ya wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita. Kurasa arobaini za mukono wake, herufi zimelala kama majani baada ya mvua. Kigali wameomba walimu waondoe mifano ya kizamani na kuweka ya hapa hapa, mutoto asome vitu anavyoviona kwa macho. Jumatatu ijayo madame mmoja anatoka huko kuja kuisoma pamoja nao. Donc nina siku tano za kuipiga kwa mashini.

"Mama Umutoni," akaniambia, na kile Kiswahili chake cha Tanzania kilichonyooka, "usiongeze, usipunguze."

Niongeze nini mimi? Kiingereza nakipiga kwa vidole, si kwa kichwa. Masista wa Goma walinifundisha mashini na Kifaransa, halafu baba akafa, nikaachia mwaka wa tatu. Lakini kazi hii naipenda. Herufi zinapita chini ya vidole kama maharage unayoyachambua, na roho inaenda mbali, inazunguka ziwa, inarudi.

Jumanne, 5 Novemba

Ukurasa wa ishirini na sita, zoezi la saba. Kati ya maneno yote yale nikakuta moja ninalolijua: nyanya.

Nikaacha kupiga. Miaka kumi na moja nilizibeba. Alfajiri Nyakiriba kwa wakulima, kitunga kichwani, bariyeri ndogo ya kuvukia mupaka kabla ya jua kukaza, Goma, kurudi. Nikanusa mikono yangu pale mezani. Ile harufu ya kijani ya majani yake, ambayo sabuni haiitoi — nikaisikia kabisa, kama jana.

Nikamwita Gwiza, yule mwalimu mdogo anayefundisha na Kalisa. Njoo unisomee, mutoto wangu, wametuandika kwenye kitabu.

Akanitafsiria polepole. Mupaka umefungwa. Nyanya za Nyakiriba haziwezi kuvuka. Bei katika soko la Gisenyi inapanda. Na jibu, kule nyuma: wauzaji wa Gisenyi walifaidika.

"Walifaidika nani?"

"Wauzaji, Mama."

"Wa upande gani?"

"Wa huku. Ndiyo wewe."

Alikuwa anacheka, alifikiri nitafurahi. Nikamwambia asante. Leo sikupiga ukurasa mwingine.

Jumatano, 6 Novemba

Gwiza amenitafutia kitabu cha zamani. Kumbe zoezi lilikuwa juu ya vitenge! Kalisa ameondoa vitenge, akaweka nyanya kwa sababu ndizo zinalimwa kwetu, na mengine yote akayaacha yalivyo, hata ule mushale unaopanda juu kwenye mchoro.

Lakini vitenge vinatoka kule vinakuja huku. Nyanya zinatoka huku zinaenda kule. Ukifunga mulango, vitenge vinakuwa haba kwetu, na nyanya zinatujaa mpaka shingoni. Mutoto yeyote wa soko anajua hiyo.

Mwaka wa korona, mupaka ulipofungwa, soko lilikuwa jekundu mpaka barabarani. Tulikuwa tunawaita wapita njia dada, mama, shangazi, chukua tu, utaleta chochote. Na Nyirarukundo, mteja wangu wa Goma, ananipigia simu analia: anazinunua moja moja, kama mayai. Mi nalia huku, yeye analia kule, na kati yetu iko mwendo wa robo saa.

Watu nawaambia niliacha biashara juu ya goti, eti lilikuwa linauma. Hapa naweza kusema. Goti lilikuwa zima. Niliacha juu ya mwezi ule wa nyanya kutujaa.

Na Umutoni wangu iko mwaka wa tano. Ni darasa lao litaanza na programu hii. Ataulizwa, na ili apate alama itabidi aandike kwamba mama yake alifaidika. Akiandika alichokiona nyumbani kwetu Rugerero, atapata sifuri.

Jioni nilimtazama akimenya viazi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeota ziwa limefunikwa na nyanya, zote nyekundu, zimetulia. Nikavuka juu yake kwa miguu mpaka Goma, na hakuna aliyeniuliza karatasi. Nikaamka nimepata ujasiri. Bon, nikasema, leo.

Saa ya chai nikamwendea Mwalimu Kalisa. Hakuwa mubaya. Aliniwekea sukari mwenyewe.

"Bidhaa ikiadimika, bei hupanda," akasema. "Hiyo ni kanuni, Mama Umutoni. Siyo mimi."

"Mwalimu, haikuadimika. Ilituzidi."

"Kule?"

"Huku."

Akatazama saa yake. Akasema mimi ndiye mpigaji bora aliyewahi kumpata. Kwamba ninapiga bila kosa. Basi nipige.

Na yeye ndiye aliyeniombea kazi hii, wakati sikuwa na unga ndani ya nyumba. Sasa nibishane naye kwa mdomo gani? Nimerudi kwenye kiti, nimepiga mpaka ukurasa wa thelathini na nane. Zoezi la saba nililiruka.

Ijumaa, 8 Novemba

Imekwisha. Kurasa arobaini. Sikuondoa hata nukta yake moja.

Lakini nimeongeza. Chini ya zoezi la saba, mistari minne, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza hakikuja:

*Mi nilikuwa pale. Mupaka ulipofungwa nyanya zilikuwa mingi huku, na kidogo kule. Kule bei ilipanda, huku ikaanguka. Hatukufaidika.*

Nimechapa nakala tisa na kuzifungia kabatini. Sikuandika jina. Lakini kwenye shule hii sekretere iko mmoja.

Bikira Maria, unifunike na shuka lako. Nikifukuzwa, Umutoni amalize kwanza.

Jumapili, 10 Novemba

Nyiragongo, mulima wa moto, ilikuwa wazi leo, na kamoshi kake kadogo. Jana sikuandika. Nililala mchana kama mutoto, mvua kwenye bati.

Kabla ya misa nikaungama. Nikamwambia padri nimetia maneno yangu ndani ya karatasi ya mwenzangu, aliyenikataza. Akauliza maneno gani. Nikamweleza yote, mupaka, vitenge, mushale. Nikajua anapima dhambi. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama hata sasa kule bei iko juu, maana dada yake anataka kuanza kupeleka nyanya.

Nikamjibu. Akanipa Salamu Maria kumi na kusema nisimfiche Mwalimu.

Nilipanga kumwambia kesho mapema, kabla ya mkutano.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikumwahi. Madame Isimbi wa Kigali alifika kabla ya saa yake, wakaingia wote, kila mmoja na nakala. Mi niko kwenye benchi nje, na daftari hili, tayari kama watataka karatasi.

Wamefika zoezi la saba. Nimesikia sauti ya Madame ikisoma Kiswahili changu, taratibu, kama mutu anayetembea kwenye mawe ya mtoni. Kisha sauti ya mwanaume:

"Kalisa, ndugu yangu, siku hizi sekretere ndiye anakusahihisha?"

Na mwingine: "Mpeni yeye chaki, Kalisa apige mashini."

Wakacheka. Kalisa hakucheka, kicheko chake nakijua.

Mulango umefunguka. Ni yeye. Akaufunga nyuma yake.

"Mama Umutoni. Nyanya ikishachumwa, inasubiri siku ngapi?"

"Nne. Ikinyeshewa, tatu."

Akarudi ndani. Nasikia chaki ubaoni. Madame anauliza kitu, Gwiza anajibu haraka haraka.

Ametoka tena. Ana unga mweupe kwenye koti.

"Na siku ya tano? Mlizifanya nini?"

"Tuliwapa wenye ng'ombe." Kisha nikamalizia, maana alikuwa bado amesimama. "Halafu ng'ombe nao wakazikataa."

Akatazama chini. Akasema sikuwahi kumwambia hivyo.

"Nilianza kukwambia Alhamisi, Mwalimu. Ulitazama saa."

Ameingia. Sasa wanaongea wote pamoja, sitofautishi sauti. Mtu amegonga meza. Sijui ni hasira ao ni nini. Ziwa limepotea tena, mvua inakuja kutoka upande wa Goma, haina haraka. Nasali na kuandika, vyote viwili.

Mulango tena. Ni Kalisa. Safari hii hana swali. Ameuacha wazi, na amesimama pembeni akinisubiri, vile mutu anavyompisha mwanamuke mwenye muzigo kichwani.